Aliyebaki Wima

Najua nimepotea. Nipo nyumbani Sirari kwa likizo fupi, na haya nayaandika nikiwa kibarazani kwa mama. Malori yamepanga foleni kuelekea Isebania, wabadilisha fedha wanapita na mabunda ya shilingi za nchi mbili, na bodaboda mmoja ameshaniuliza mara tatu kama navuka. Sivuki, bwana. Leo nimekaa kutoa kitu ambacho kimenikaa kooni karibu mwaka mzima.

Pale kazini nina jina la utani. Wananiita Bradbury. Alianza jamaa wa dawati la michezo, kisha likaenea mpaka kwa dada anayetuletea chai. Wengi wanaoniita hivyo hawajui lilikotoka. Mimi najua, na ndiyo maana linaniuma.

Haya, tuanze na huyo Bradbury mwenyewe.

Steven Bradbury ni Mwaustralia aliyekuwa akishindana kwenye mchezo unaoitwa shoti treki, yaani mbio za kuteleza kwenye barafu kwa viatu vyenye visu chini. Usichanganye na zile mbio nyingine za barafu ambapo watu wawili wawili wanakimbia na saa, kila mtu kwenye mstari wake. Shoti treki ni vurugu. Wanaingia wanne, watano au zaidi kwa pamoja kwenye duara la mita 111.12, jembamba kweli, kwenye uwanja uleule unaotosha mpira wa magongo wa barafuni. Hakuna mistari ya kugawana njia. Mbio za mita 1000 ni mizunguko tisa. Kwenye kona wanalala kabisa upande wa kushoto mpaka mkono unagusa barafu, na ndiyo maana glavu ya mkono huo ina ncha ngumu kwenye vidole. Mwendo unaweza kufika kama wa pikipiki iliyokolea. Sasa hebu fikiria bodaboda watano wakigombea kona moja, lami imelowa, na breki hakuna.

Mchezo huu uliingia rasmi na medali zake kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1992 kule Albertville, Ufaransa, baada ya kuonyeshwa kama majaribio Calgary mwaka 1988. Wakorea wameutawala kama Wakenya walivyoitawala steeplechase, na Wachina na Wakanada wako nyuma yao kidogo.

Mwaka 2002, Salt Lake City, Marekani. Bradbury ana miaka 28 na kiumri anaelekea ukingoni. Mwaka 1994 kisu cha mwenzake kilimchana paja mbioni, akapoteza damu lita nne hivi na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 akavunjika shingo mazoezini. Mtu kama huyo unamwambia arudi nyumbani akalee mifugo, lakini yeye akarudi barafuni.

Kwenye robo fainali ya mita 1000 alimaliza wa tatu, na wanaopita ni wawili. Akaondolewa mmoja aliyekuwa mbele yake kwa kosa la kumzuia mwenzake, Bradbury akapita. Nusu fainali alikuwa nyuma kabisa. Walio mbele wakaangushana, akapita tena. Fainali wakaingia watano: Apolo Anton Ohno wa Marekani, Li Jiajun wa China, Ahn Hyun-soo wa Korea Kusini, Mathieu Turcotte wa Kanada, na huyu mzee wetu. Yeye alijijua kwamba hana mbio za wale wanne. Akabaki nyuma makusudi, kama mita kumi na tano hivi, akingoja. Kona ya mwisho wale wanne wakagusana, wakaanguka wote. Wote! Bradbury akapita katikati ya uwanja mtupu, akanyanyua mikono, uso wake mwenyewe ukishangaa. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Australia, na ya ulimwengu wote wa kusini, katika Olimpiki ya majira ya baridi. Huko kwao jina lake limekuwa msemo kabisa: mtu akishinda kwa sababu wengine wameanguka, wanasema amefanya Bradbury.

Sasa mmeelewa jina langu la utani?

Nilipomaliza chuo nilianza gazetini kama korespondenti, wale tunaolipwa kwa stori. Stori isipotoka, huli. Tulikuwa watano, na tukaambiwa mwisho wa mwaka ataajiriwa mmoja. Mimi nilikuwa wa tano, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Mmoja alikuwa na vyanzo mpaka jikoni kwa wakubwa. Mmoja Kiingereza chake kilikuwa kinateleza. Mmoja alikuwa anaandika haraka kuliko mimi ninavyosoma. Na wa kwanza kabisa alikuwa kaka mmoja, mtu wa huku huku kwetu Mara, ambaye simtaji jina. Tumwite Kaka tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukipewa idadi ya watu, ihesabu mwenyewe. Ndiye aliyenikopesha nauli, na aliyenionyesha namna ya kuongea na askari wa zamu saa nane za usiku bila kumkasirisha.

Wa vyanzo akapata kazi kwenye shirika moja, mshahara mara tatu. Wa Kiingereza akaolewa, akamfuata mumewe Dodoma. Mwenye mbio akaugua, akarudi kwao. Na Kaka akaanguka: stori yake moja ya mgogoro wa ardhi ilitoka na jina la mtu asiyehusika. Gazeti likaomba radhi, Kaka akaambiwa apumzike kwanza. Kupumzika kwa korespondenti mnakujua. Mwezi mmoja baadaye nikaitwa ofisini nikapewa barua ya ajira. Nilitoka nimeishika mkononi, na jamaa wa michezo akapaza sauti, "Bradbury!" Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka.

Ngoja niwaambie kilichokuwa hakiko kwenye kicheko kile.

Siku ile Kaka alikuwa kwenye basi, mtandao unakuja na kupotea. Alinipigia akaniambia, "Mdogo wangu, nisaidie, mpigie mtendaji wa kijiji, hakikisha jina la yule mzee kabla hawajafunga ukurasa." Nikapiga mara moja. Haikupokelewa. Nilikuwa na stori yangu nahangaika nayo, nikajiambia nitapiga tena. Sikupiga. Kaka alipopata mtandao akaniuliza, nikamjibu, "Iko sawa." Maneno mawili tu. Haikuwa sawa.

Alipoitwa kujieleza hakunitaja. Alisema kosa ni lake, jina la juu ya stori ni lake. Na mimi nilikaa kimya, wadau. Siku ya kwanza kwa woga, siku ya pili kwa aibu, na baada ya barua ya ajira kwa sababu kimya kilikuwa kimeanza kunilipa mshahara.

Ndiyo maana nilianza kuusoma mchezo huu usiku, bando langu likiishia kwenye video za watu wanaoteleza. Nilikuwa nakitafuta kitu, na nilichokipata sicho nilichokitaka. Nilitaka kuona kwamba mshindi wa namna ile hana deni. Na kweli Bradbury hana. Tazama tena fainali ile: hakumgusa mtu. Alikuwa mbali mno hata kumgusa mtu. Lakini shoti treki ina waamuzi, nao hurudia picha za video kila palipoanguka mtu, wakitafuta mkono wa nani ulimsukuma nani. Aliyeangusha anaondolewa hata kama amefika wa kwanza. Beijing mwaka 2022, fainali ya wanaume ya mita 1000, Mhungari Liu Shaolin Sándor alivuka mstari wa kwanza, wakarudia picha, wakamwondoa, dhahabu ikaenda kwa Ren Ziwei wa China. Watu wamebishana sana kuhusu uamuzi ule, lakini kanuni yenyewe ni hiyo. Na katika hatua kabla ya fainali, mtu aliyeangushwa bila kosa lake wakati alikuwa kwenye nafasi ya kufuzu, mwamuzi anaweza kumpitisha aendelee, hata kama amefika wa mwisho akijifuta barafu magotini.

Mimi sikurudiwa picha. Hapakuwa na kamera.

Mtauliza, mtoto wa Sirari na barafu wapi na wapi? Nimekua na barafu, jamani. Mama alikuwa anauza barafu za hamsini hamsini, za ukwaju na za embe, kwenye vifuko vya nailoni, friza ikiwa imejaza nusu ya sebule. Ada yangu ya shule ya msingi na sare zilitoka mle. Umeme ukikatika nyumba nzima ilikuwa inanyamaza, hakuna kufungua friza, hakuna hata kuigusa, kwa sababu ada ilikuwa inayeyuka. Siku za soko nilikuwa nabeba hotpoti kubwa na kuzunguka nazo stendi.

Tulikuwa pia na vigari vya mbao, vile vyenye beringi chakavu tulizopewa na mafundi. Unakwea kilima, unakaa, unaachia. Siku moja nilishuka kwa kasi nikamgonga mtoto wa jirani aliyekuwa amebeba ndoo ya barafu za mama yake. Zikamwagika zote vumbini. Akalia. Mimi nikaokota kigari changu nikaondoka, kisha nikachukua hotpoti nikaenda stendi. Siku hiyo niliuza zote kabla ya saa sita, kwa sababu mwenzangu hakuwa na kitu. Mama akahesabu hela, akaniangalia. "Leo imekuwaje?" Nikajikanyaga kanyaga mpaka ukweli ukatoka. Hakunichapa. Alinishika mkono mpaka kwa jirani, akaweka hela yote mezani, akasema, "Mama fulani, hizi ni za kwenu, mwanangu aliziuza." Kisha tukarudi na jioni ile tukala ugali na mboga za majani bila neno.

Barafu ya kusimama juu yake nimeikanyaga mara moja tu maishani. Mwaka 2019 nilimtembelea mjomba Nairobi, akanipeleka kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Nilivaa viatu vya kukodi nikamwona mtoto wa miaka kama saba ananipita akirudi kinyumenyume. Kijana aliyekuwa anafundisha hakuanza na kuteleza. Alianza na kuanguka: piga goti, kunja vidole visije vikapitiwa na kisu cha mwenzako, angalia nyuma yako nani anakuja. Nilianguka sijui mara ngapi. Uwanja huo ndio uliozaa timu ya mpira wa magongo ya Kenya, Ice Lions, ambayo kwa miaka haikuwa na timu ya kucheza nayo, wanagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwasafirisha wachezaji wake mpaka huko wakacheza na timu halisi kwa mara ya kwanza, na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi ya Kenya upande wao.

Na huwezi kutaja barafu ukanda wetu bila Philip Boit. Huyu ni mkimbiaji kutoka huko Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Kampuni ya viatu ikampeleka Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1998 akaingia Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika ishirini nyuma ya mshindi, Mnorwe Bjørn Dæhlie. Dæhlie alikuwa ameshamaliza, anangojwa akavishwe medali. Akakataa kwenda. Akasimama pale mstarini kwenye baridi mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani akamwita mwanawe Dæhlie. Akarudi tena Olimpiki mwaka 2002, mwaka uleule wa Bradbury, na mwaka 2006.

Hadithi hiyo tunaipenda kwa sababu ya Boit asiyekata tamaa. Mimi siku hizi namfikiria zaidi yule aliyesimama akingoja. Dakika ishirini ni nyingi ukiwa umelowa jasho kwenye theluji.

Halafu kuna Erin Jackson, Mmarekani mweusi aliyeanzia kwenye skeiti za magurudumu barabarani kabla ya kuhamia barafuni. Huyu ni wa mbio zile ndefu za kukimbia na saa. Majira yale ndiye aliyekuwa anaongoza duniani kwenye mita 500. Kwenye mchujo wa kwenda Beijing akajikwaa, akamaliza wa tatu, na nafasi za uhakika zilikuwa mbili. Mshindi wa mchujo alikuwa rafiki yake, Brittany Bowe, wa mji mmoja naye, Ocala, Florida. Bowe hakumwangusha. Hakuwa na deni lolote. Lakini akaiachia nafasi yake, akisema Jackson ndiye anayestahili. Tarehe 13 Februari 2022 Jackson akachukua dhahabu, mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi. Bowe mwenyewe baadaye alipata nafasi ya 500 iliyoongezeka, na akaondoka Beijing na shaba ya mita 1000.

Yule hakuwa na deni akatoa. Mimi mwenye deni nimekalia.

Sasa wiki mbili kabla ya likizo mhariri aliniuliza, "Wewe si mtu wa Mara? Tunataka korespondenti wa huko. Unamjua nani?" Jina la Kaka lilikuja hapo hapo mdomoni. Anaishi huku, amefungua kasteshenari, anatoa kopi na kuchapa barua za watu. Nikamwambia mhariri nitafikiria. Nitafikiria nini? Ukweli ni kwamba niliogopa. Kaka akirudi, hata kama yuko mkoani, stori zake zitakuwa ukurasa wa mbele na zangu zitarudi ukurasa wa saba. Namjua. Na akirudi, siku moja mtu atauliza lile jina lilikoseaje.

Juzi usiku nikamweleza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nikamweleza yote, mpaka ya Bradbury. Aliuliza swali moja tu: "Na yeye umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi unaniambia mimi ya nini?"

Jana asubuhi nikapanda gari mpaka kwa Kaka. Alikuwa na wateja watatu wa kopi, akanipa kiti. Walipoondoka nikasema, tena vibaya, maneno yakigongana. Nikamwambia sikumpata mtendaji siku ile. Nilipiga mara moja tu. Nilikudanganya.

Akakaa kimya akipanga karatasi kwenye mashine. Kisha akasema, "Nilijua. Wiki ileile nilimpigia mtendaji mwenyewe. Akaniambia siku nzima aliona namba moja ngeni, imepiga mara moja."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Kisha akaongeza, "Ila umechelewa sana, mura. Nimeuza kompyuta yangu kununua hii mashine."

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina. Hakunikumbatia, na sikutegemea anikumbatie. Lakini alininunulia soda, na nilipomuuliza kama nimpeleke jina lake kwa mhariri alisema mpeleke, ila mwambie na sababu.

Jana jioni nimemwandikia mhariri. Nimeweka yote mawili, jina la Kaka na sababu. Amejibu mstari mmoja: nikirudi nimwone ofisini kabla sijakaa kwenye meza yangu. Huenda ni onyo la maandishi, huenda ni zaidi ya hapo. Nitawaambia. Kama mtaanza kuona stori nzuri kutoka Mara zenye jina msilolizoea, zisomeni, huyo ni mtu anayehesabu mwenyewe.

Na jamaa wa michezo, ukisoma hapa, nakuomba kitu kimoja. Usiniite tena Bradbury. Si kwamba nimekasirika. Yule mzee alipita katikati ya walioanguka bila kumgusa hata mmoja, na jina lake ni zuri mno kwangu.

Mama ananiita nikamsaidie kubeba unga. Tuonane nikirudi mjini.